Septemba Moja Haitoshi: Namna Pepo na Bahari Zinavyoichezea Barafu ya Ncha za Dunia

Kila Septemba, Kituo cha Takwimu za Theluji na Barafu cha Marekani (NSIDC), chenye makao yake Boulder, Colorado, hutangaza kiwango cha chini kabisa cha barafu ya bahari ya Aktiki kwa mwaka huo. Namba ikishuka, vichwa vya habari hupiga yowe. Ikipanda, wasioamini mabadiliko ya tabianchi hushangilia. Pande zote mbili huisoma kana kwamba ni kipimajoto cha dunia, na zote mbili zinakosea. Kuenea kwa barafu ni matokeo ya joto, upepo, mawingu, mikondo, chumvi ya maji, na unene wa barafu iliyorithiwa kutoka miaka iliyopita. Ukichukua mwaka mmoja peke yake, upepo huwa na neno kubwa kuliko gesijoto, yaani gesi zinazonasa joto angani. Ukichukua miaka arobaini, gesijoto ndizo zinazoamua. Ugomvi mwingi tunaousikia unatokana na watu kuchanganya vipindi hivi viwili.

Tuanze na namba inavyopatikana. Tangu mwishoni mwa 1978, satelaiti zenye vihisi vya maikrowevu zimekuwa zikipita juu ya ncha za dunia. Vihisi hivi havipigi picha. Vinapokea mionzi hafifu inayotoka yenyewe kwenye maji na barafu, ndiyo maana vinafanya kazi hata katika giza la miezi ya baridi na mawingu yakiwa yametanda. Ramani hugawanywa katika vijisanduku vya kilomita 25 kwa 25, yaani kilomita za mraba 625 kila kimoja. Kijisanduku kikikadiriwa kuwa na barafu asilimia 15 au zaidi, chote huhesabiwa kuwa na barafu. Kikiwa na asilimia 14, huhesabiwa sifuri. Jumla hiyo, ikilainishwa kwa wastani wa siku tano, ndiyo inayotangazwa.

Sasa fikiria vijisanduku vinne, kila kimoja kikiwa na barafu asilimia 20. Barafu halisi iliyomo ni kilomita za mraba 500, lakini kwenye hesabu ya kuenea vinaandikwa kilomita za mraba 2,500. Upepo ukivuma siku tatu mfululizo na kuisukuma barafu yote ndani ya kijisanduku kimoja, hicho kitakuwa na asilimia 80 na hesabu itashuka hadi 625. Hakuna kilichoyeyuka. Kinyume chake pia ni kweli: upepo wa kutawanya unaweza kuipandisha namba wakati barafu haijaongezeka hata kidogo. Mtu anayetaka kujua barafu ni kiasi gani kwa kweli huangalia pia eneo halisi, ambalo hupima kila kijisanduku kwa asilimia yake. Lakini eneo halisi nalo lina kasoro yake. Wakati wa kiangazi madimbwi ya maji hutuama juu ya barafu, na kihisi huyaona kama bahari wazi, hivyo barafu huonekana pungufu kuliko ilivyo. Kwa sababu hiyo NSIDC hutanguliza namba ya kuenea, ambayo haiyumbishwi sana na madimbwi.

Kwa Aktiki, mwelekeo wa Septemba tangu 1979 ni upotevu wa karibu kilomita za mraba 80,000 kwa mwaka, au takriban asilimia 12 kwa muongo ukilinganisha na wastani wa 1981 hadi 2010. Weka hiyo kando ya yumbayumba za mwaka hadi mwaka. Septemba 2012 barafu ilifika kilomita za mraba milioni 3.39, rekodi ya chini ambayo haijavunjwa hadi sasa. Mwaka uliofuata ilisimama juu kidogo ya milioni 5. Kwa mwaka mmoja tu namba iliruka zaidi ya milioni 1.6, sawa na mwelekeo wa miaka ishirini ukigeuzwa nyuma. Aliyetangaza mwaka 2013 kwamba Aktiki imepona alikuwa anasoma hali ya hewa ya kiangazi kimoja: mgandamizo mdogo wa hewa ulikaa katikati ya bahari ile, mawingu yakazuia jua, na baridi ikabaki. Aliyetangaza mwaka 2012 kwamba barafu ingekwisha kabisa ndani ya miaka michache naye alikuwa anasoma kiangazi kimoja.

Kisa cha 2012 kinafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kinaonyesha mambo mawili yakifanya kazi kwa pamoja. Mwanzoni mwa Agosti dhoruba kubwa isiyo ya kawaida ilitoka Siberia na kuingia Bahari ya Aktiki, mgandamizo katikati yake ukashuka hadi hektopaskali 966. Mawimbi yalivunja barafu na kukoroga maji ya uvuguvugu yaliyokuwa chini. Wengi waliitupia dhoruba lawama zote. Lakini watafiti waliporudia kiangazi kile kwenye modeli ya kompyuta na kuitoa dhoruba, rekodi bado ilivunjwa. Mchango wa dhoruba kwenye kiwango cha chini cha Septemba ulikuwa takriban kilomita za mraba 150,000. Barafu ilikuwa nyembamba tayari, na dhoruba hiyohiyo ingekuta barafu ya miaka ya 1980 isingefanya madhara kiasi kile.

Unene ndio kumbukumbu ya barafu, na ndiyo namba ambayo vichwa vya habari huiacha. Katika eneo la katikati ya Aktiki lililopimwa na nyambizi na baadaye satelaiti, unene wa wastani wa kipindi cha baridi ulikuwa mita 3.64 mwaka 1980. Mwaka 2008 ulikuwa mita 1.89. Barafu yenye umri wa zaidi ya miaka minne ilifanya karibu theluthi moja ya barafu ya Machi katikati ya miaka ya 1980. Sasa ni chini ya asilimia 5. Na hapa kubadilikabadilika kwa tabianchi kumechangia kwa njia isiyoonekana kirahisi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990, Mtikisiko wa Aktiki, ambao wataalamu huuita AO, ulikaa katika hali chanya kwa muda mrefu: mgandamizo wa hewa juu ya ncha ulikuwa mdogo, na pepo zinazoizunguka zikawa kali. Mpangilio huo wa pepo ulibeba barafu nzee na nene na kuitoa nje kupitia mlango-bahari wa Fram, kati ya Greenland na visiwa vya Svalbard, ikaenda kuyeyukia Atlantiki. AO ilipotulia, barafu nene haikurudi. Hewa na bahari zilikuwa zimepata joto kiasi kwamba barafu changa haikupewa nafasi ya kuzeeka.

Nguvu ya AO ilionekana tena katika baridi ya 2019/2020. Meli ya utafiti ya Ujerumani, Polarstern, iligandishwa kwa makusudi ndani ya barafu mnamo Oktoba 2019 ili isafiri nayo mwaka mzima. Januari hadi Machi 2020 AO ilikuwa chanya kuliko kipindi kama hicho chochote tangu 1950. Barafu ilikimbia kuelekea Fram haraka kuliko ilivyopangwa, na bonge lililobeba kambi ya watafiti lilivunjika mwishoni mwa Julai, kabla ya mwaka kutimia. Ilibidi meli irudi kaskazini kutafuta bonge jingine ili imalize kazi.

Zipo pia pepo za aina nyingine. Kiangazi cha 2007 mgandamizo mkubwa ulikaa juu ya Bahari ya Beaufort, kaskazini mwa Alaska na Kanada, na mdogo juu ya Siberia. Kati yao upepo ukavuma moja kwa moja kutoka Pasifiki kuvuka ncha, ukisukuma barafu kuelekea Atlantiki, huku anga safi upande wa Beaufort ikiruhusu jua kupiga maji wazi. Bahari wazi hurudisha angani asilimia 6 au 7 tu ya mwanga wa jua; barafu yenye theluji hurudisha zaidi ya asilimia 80. Kila kilomita ya mraba iliyofunguka Juni ilinyonya joto la kuyeyusha nyingine Agosti. Mwaka ule ulifika takriban milioni 4.2, rekodi ya wakati huo.

Mbona basi barafu haikuporomoka moja kwa moja baada ya 2007, kama hesabu hiyo ya mwanga inavyoashiria? Kwa sababu baridi ina mchezo wake. Maji ya bahari huganda kwenye takriban nyuzi -1.8, na barafu huongezeka kwa chini, joto likipita kwenda juu kupitia barafu yenyewe. Barafu nyembamba hupitisha joto upesi, hivyo hukua haraka. Nene hujifunika yenyewe na kukua polepole. Eneo lililobaki wazi Septemba hupoteza sehemu kubwa ya joto lake la kiangazi Oktoba na Novemba, na kufikia Machi huwa limepata barafu ya mita moja na nusu au zaidi. Kwa hiyo mwaka mbaya mmoja haurithishwi wote kwa mwaka unaofuata. Kinachorithishwa ni upungufu wa barafu ya miaka mingi, na joto lililonaswa kwenye tabaka za chini zisizofikiwa na baridi.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo wachambuzi wengi wa upande wangu, yaani tunaokubali kwamba binadamu anaipasha dunia joto, hawapendi kuligusa. Tangu 2005 hadi 2024, kupungua kwa barafu ya Septemba katika Aktiki kumekuwa kidogo mno kiasi kwamba hakuonekani kitakwimu. Miaka ishirini si michache. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 ulipekua modeli nyingi za tabianchi na kukuta kwamba vipindi vya kutulia vya namna hii hutokea ndani ya modeli zenyewe, hata gesijoto zikiendelea kuongezeka, na kwamba hiki tulicho nacho kinaweza kudumu miaka mingine mitano hadi kumi. Kubadilikabadilika kwa asili, hasa kwa bahari za Pasifiki na Atlantiki, kumeifidia sehemu kubwa ya athari ya binadamu katika kipindi hiki.

Ukilikubali hilo, ni lazima ulikubali na la pili: kama asili inaweza kupunguza kasi ya upotevu, inaweza pia kuwa iliongeza kasi hapo awali. Na ndivyo ilivyokuwa. Utafiti wa 2017 ulikadiria kwamba kati ya asilimia 30 na 50 ya upungufu wa Septemba tangu 1979 huenda ulitokana na kubadilikabadilika kwa asili, hasa kwa mzunguko wa hewa ya kiangazi juu ya Greenland na Aktiki. Waliochukua mteremko wa 1997 hadi 2012 na kuuendeleza kwa rula hadi sifuri walikuwa wanaurefusha upande mmoja wa wimbi. Wanaochukua mstari mlalo wa 2005 hadi sasa na kusema tatizo limekwisha wanarefusha upande mwingine wa wimbi hilohilo. Chini ya wimbi, uhusiano haujavunjika: vipimo vya miongo mingi vinaonyesha takriban mita 3 za mraba za barafu ya Septemba zikipotea kwa kila tani ya hewa ukaa inayotolewa.

Antaktika ni suala jingine kabisa, na ndiko ninakodhani macho yanapaswa kuelekezwa sasa. Aktiki ni bahari iliyozungukwa na nchi kavu. Barafu yake imebanwa na pwani za Urusi, Kanada, Alaska na Greenland. Antaktika ni bara lililozungukwa na bahari. Barafu yake haina ukuta upande wa kaskazini, hivyo hutanuka hadi upepo na maji ya joto vitakapoizuia, kisha huyeyuka karibu yote kila mwaka. Kwa desturi hutoka karibu milioni 3 Februari hadi milioni 18 na ushei Septemba. Ukingo ulio huru hivyo hutii upepo zaidi kuliko kitu kingine.

Kwa miaka 35 barafu hii iliongezeka polepole, na hilo likawa silaha ya wapinzani. Septemba 2014 ilivuka milioni 20 kwa mara ya kwanza katika rekodi za satelaiti. Kisha wastani wa mwaka ukaanguka kutoka milioni 12.8 mwaka 2014 hadi 10.7 mwaka 2017. Ndani ya miaka mitatu Antaktika ilipoteza kiasi ambacho Aktiki ilichukua zaidi ya miaka thelathini kukipoteza. Februari 2022 ilishuka chini ya milioni 2 kwa mara ya kwanza. Februari 2023 ikafika milioni 1.79. Septemba ya mwaka huohuo, kilele cha baridi, ilikomea milioni 16.96, karibu milioni 1 chini ya rekodi ya awali ya 1986. Vilele vya 2024 na 2025 navyo vimekuwa miongoni mwa vitatu vya chini kabisa.

Nini kilianzisha? Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anaujua mwanzo wa kisa bila kujua mwisho wake. Mwaka 2016, baada ya El Niño kubwa ya 2015/2016, Dipole ya Bahari ya Hindi iliingia katika hali hasi yenye nguvu: maji ya upande wa Indonesia yakapata joto, ya upande wetu yakapoa. Mvua zilihamia mashariki. Vuli ya 2016 ikashindwa Kenya, Somalia na sehemu kubwa ya Tanzania, na Februari 2017 serikali ya Kenya ilitangaza ukame kuwa janga la taifa. Mawingu makubwa yaliyokusanyika upande wa Indonesia hayakuishia kuinyima Afrika Mashariki mvua. Joto lililotolewa juu angani na mvua ile lilisukuma mawimbi makubwa ya hewa kuelekea kusini, yakapanga kuzunguka Antaktika vitovu vitatu vya mgandamizo mdogo na vitatu vya mgandamizo mkubwa. Katika mapengo kati yao, hewa ya uvuguvugu kutoka kaskazini ilipenya hadi kwenye barafu Septemba na Oktoba. Novemba, pepo za magharibi zinazoizunguka Antaktika zikadhoofika ghafla. Barafu ikayeyuka kwa kasi ambayo rekodi za miezi hiyo hazikuwa nayo. Si kwamba barafu ya kusini ilileta ukame wetu, wala ukame wetu haukuyeyusha barafu. Vyote viwili vilikuwa na chanzo kimoja baharini.

Lakini Dipole hasi huisha. Ile ya 2019 ilikuwa chanya kupindukia, ikatuletea mafuriko, na barafu ya kusini bado haikurudi ilikokuwa. Kilichoibakiza chini kiko ndani ya maji. Bahari ya Kusini ina tabaka la juu baridi na lenye chumvi kidogo, na chini yake maji yenye joto la juu zaidi na chumvi nyingi. Tofauti ya chumvi ndiyo kifuniko. Ikipungua, joto hupanda. Kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba pepo zilezile zilizoongeza barafu kabla ya 2014 ndizo zilizoandaa anguko lake. Pepo za magharibi zikizidi, maji ya juu husogea kushoto mwa upepo, kama ilivyo desturi katika nusu ya kusini ya dunia, yaani kuelekea kaskazini, yakibeba baridi na barafu. Kwa mwaka wa kwanza au wa pili barafu huonekana kutanuka. Lakini maji yanayoondoka lazima yajazwe, na yanayojaza hutoka chini, yakiwa na joto. Baada ya miaka kadhaa upepo uleule huanza kula barafu. Vipimo vya maboya yanayozama na kuibuka vimeonyesha maji ya kina cha mita 100 hadi 200 yakipata joto, na tangu karibu 2015 satelaiti zimeona chumvi ya tabaka la juu ikiongezeka. Mara ya mwisho kifuniko hicho kufunguka kwa uwazi mkubwa ilikuwa 1974 hadi 1976, Bahari ya Weddell, ambapo tundu lenye ukubwa wa takriban Uganda nzima lilikaa wazi katikati ya barafu kwa misimu mitatu ya baridi mfululizo.

Jumla ya Antaktika pia hudanganya kwa kuchanganya pande zinazokwenda kinyume. Katika Bahari ya Amundsen kuna kitovu cha mgandamizo mdogo ambacho La Niña, kinyume cha El Niño, hukiimarisha. Hewa hukizunguka kwa mwelekeo wa akrabu za saa: upande wake wa mashariki huvuta joto la kaskazini hadi Bahari ya Bellingshausen, upande wa magharibi humwaga baridi ya bara kwenye Bahari ya Ross na kutanua barafu huko. Kwenye jumla, pande hizo zinaweza kufutana na namba ikaonekana tulivu. Kwa viumbe hazifutani. Mwishoni mwa 2022 barafu ya Bellingshausen ilivunjika mapema, na makoloni manne kati ya matano ya pengwini wa spishi kubwa kuliko zote katika eneo hilo yakapoteza vifaranga vyote, kwa kuwa vilikuwa havijaota manyoya yanayozuia maji.

Kwa anayeuliza kama hili litafurika Lamu au Unguja: barafu inayoelea ikiyeyuka haiinui bahari kwa kiasi cha kuonekana, maana tayari imeshika nafasi yake majini. Inayoinua ni ya nchi kavu. Ila barafu ya bahari hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika kwenye kingo za barafu ya bara, hivyo kukosekana kwake kwa miaka mfululizo kunazifanya kingo hizo zipigwe zaidi.

Nikipewa namba ya Septemba ijayo, sitaiuliza imekuwa ya ngapi kwenye orodha. Nitatafuta unene kutoka satelaiti za CryoSat-2 na ICESat-2, umri wa barafu ya Machi, AO ya kipindi cha baridi kilichotangulia, na kwa kusini, namba ya kila bahari peke yake pamoja na joto la chini ya mita 100. Nitatafuta pia kihisi kilichotumika. Mwaka 2025 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitangaza kusitisha usambazaji wa takwimu za satelaiti zake za hali ya hewa, zilizobeba rekodi hii tangu 1987, kisha ikaahirisha. NSIDC ikahamia kwenye AMSR2, kihisi cha Japani kilichorushwa 2012. Antena yake ni kubwa zaidi, hivyo inaona ukingo wa barafu kwa makali kuliko vile vya zamani, na mpaka wa asilimia 15 hauangukii mahali palepale. Mzunguko wa dunia kwenye latitudo 60 kusini ni takriban kilomita 20,000. Kihisi kipya kikiusogeza ukingo kilomita 5 tu, kilomita za mraba 100,000 hupotea au kuongezeka kwenye hesabu bila kipande kimoja cha barafu kuyeyuka, na hiyo ni zaidi ya mwelekeo wa mwaka mzima wa Aktiki. Kosa la namna hii husahihishwa kwa kulinganisha vihisi viwili vikiwa hewani kwa wakati mmoja, msimu kwa msimu. Kile cha zamani kikizimwa kabla ya hapo, hakuna hesabu ya baadaye itakayoziba pengo hilo.